Kabla ya Kuuliza Bei, Uliza Kiasi

Maneno haya yalisemwa Jumamosi asubuhi, Dar es Salaam, mbele ya wanachama wa vikoba vya mtaa, chini ya mwembe wa shule ya msingi. Waliokosa kufika waliomba yaandikwe yote. Bei za bidhaa zinazotajwa ni za mfano. Weka za duka lako, hesabu itabaki ileile.

Ndugu mwenyekiti, mama mweka hazina, wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni. Akina mama, akina baba wachache mliojikaza kuja, vijana mlioegemea ukuta pale nyuma, habari za asubuhi.

Kabla hatujakaa sawa, nani hapa jana alinunua mafuta ya kupikia ya mia tano? Inueni mikono, msione haya. Eeh, ni wengi. Msishushe kwanza. Swali la pili: mlipewa mililita ngapi?

Kimya.

Bei tunaijua, kiasi hatukijui. Tumelipa, tumekaanga, tumekula, tumelala, na hakuna hata mmoja anayejua alinunua mafuta kiasi gani. Kimya hicho ndicho kilichotuleta hapa leo. Tumezoea kufika dukani na kuuliza "shilingi ngapi?", naye muuzaji anatujibu tulichouliza. Asubuhi hii tujizoeze swali jingine litangulie. Nikisema "mia tano", ninyi mniulize: kiasi gani? Tujaribu. Mia tano!

Kiasi gani?

Naam. Na nyie wa ukutani pia.

Chukueni nyumba mbili zinazotazamana kwenye uchochoro mmoja. Kila nyumba ina watu watano, na kila siku kitunguu kinakaangwa. Nyumba ya kushoto hununua mafuta kwa Mangi mwenye duka, kipimo cha mia tano mchana, kingine jioni. Kipimo kile ukikimimina kwenye chupa ya kunyonyeshea mtoto, ile yenye mistari ubavuni, unakuta tuseme mililita 75. Mililita 75 kwa shilingi 500 maana yake lita nzima inamfikia kwa shilingi 6,667. Nyumba ya kulia ina dumu la lita 5 lililonunuliwa kwa 27,500, yaani 5,500 kwa lita. Zote zinatumia mililita 150 kwa siku, lita 4 na nusu kwa mwezi. Kushoto wanalipa 30,000. Kulia wanalipa 24,750. Tofauti ni 5,250, na hapo ni mafuta peke yake. Bado sukari ya robo, bado sabuni ya kipande, bado mkaa wa kopo, bado majani ya chai ya pakiti ndogo.

Nani kati yao ana kipato kidogo? Wa kushoto. Nani analipa zaidi kwa mafuta yaleyale, yaliyotoka kwenye pipa lilelile? Wa kushoto.

Najua mnachotaka kusema. "Mwalimu, hiyo 27,500 naitoa wapi kwa mkupuo?" Anayelidharau swali hilo hajawahi kuishi kwa posho ya siku. Jibu ni kwamba usihamie ununuzi wa jumla kwa vitu vyote siku moja. Chagua kitu kimoja kinachotumika kila siku, kisichooza, na ambacho pengo la bei kati ya kidogo na kikubwa ni pana. Kwa nyumba nyingi ni mafuta. Kaa na jirani mmoja unayemwamini, kila mtu atoe 13,750, mgawane dumu lita mbili na nusu kila mmoja. Hizo zinakufikisha siku 16. Zile shilingi 500 mbili ulizokuwa unatoa kila siku, endelea kuzitoa vilevile, ila ziingie kwenye kopo lako badala ya droo ya Mangi. Siku ya 16 kopo lina 16,000. Unanunua fungu lako la dumu la pili na zinabaki 2,250. Hizo ndizo mtaji wa sukari. Sukari ikishajisimamia, nenda kwenye sabuni.

Na hapa kwenye sabuni nisimame kidogo. Ukinunua mche mzima, ukate vipande siku hiyohiyo kwa uzi, kisha uvipange mahali pakavu, viachane ili hewa ipite kati yake, wiki mbili au tatu kabla ya kuvigusa. Sabuni mbichi ina maji mengi ndani na inayeyuka ukiitazama tu. Iliyokauka inakuwa ngumu na inafua nguo nyingi zaidi. Anayenunua kipande kwa kipande hapati nafasi hiyo kamwe, maana anakitumia kikiwa kibichi.

Sasa, dumu kubwa nalo lina ugonjwa wake: mkono unalegea. Mpishi akiona mafuta tele, anamimina kama anayemwagilia mchicha, na dumu la mwezi linaisha siku ya ishirini. Dawa yake ni chupa ya maji ya lita moja. Kila Jumatatu ijaze, iweke jikoni, dumu lifungwe liende chini ya kitanda. Chupa ikiisha Ijumaa, mnakula mboga za kuchemsha mpaka Jumatatu. Watoto watalalamika wiki ya kwanza tu. Na chini ya kitanda kuna sababu ya pili: mwanga, joto na hewa ndivyo vinavyochachua mafuta.

Msije mkadhani kwamba kikubwa ni nafuu siku zote. Wenye viwanda wanajua tunavyofikiri. Pakiti ya sabuni ya unga ya gramu 500 inauzwa 2,600. Ile kubwa, ya gramu 900, inauzwa 4,950. Macho yanakimbilia kubwa. Toeni simu. Bei, gawanya kwa gramu, zidisha mara 1,000. Ndogo inakuja 5,200 kwa kilo, kubwa 5,500. Kubwa imekupiga shilingi 300 kila kilo, na zaidi ya hapo si kilo, ni gramu 900 zilizovaa nguo ya kilo. Pakiti zinapungua kimyakimya huku bei ikikaa palepale. Wanaoiona ni wale wanaosoma maandishi madogo ya pembeni.

Na mafuta yana mtego wake peke yake: mengine huandikwa lita, mengine kilo. Lita moja ya mafuta ya kupikia haifiki kilo. Ni gramu 915 hivi, kwa sababu mafuta ni mepesi kuliko maji. Kwa hiyo dumu lililoandikwa kilo 18 lina karibu lita 19 na mililita 670. Mtu akiliona pembeni ya dumu la lita 20, anaona mwenzake kapunjwa lita mbili, kumbe pungufu ni glasi moja na kidogo. Likiuzwa nafuu kwa elfu tano, beba.

Mia tano!

Kiasi gani?

Tuhamie kwenye mizani. Mama mweka hazina, tafadhali tuletee ule mtungi wa gesi. Umenunuliwa jana, haujafungwa kwenye jiko? Bado haujafungwa. Vizuri.

Sogeeni mwone. Hapa juu, kwenye ule mkono wa chuma unaozunguka koki, kuna namba zimegongwa. Huu umeandikwa 7.2. Hizo ni kilo za chuma kitupu. Mtungi huu ni wa kilo 6, na kilo 6 ni gesi peke yake. Kwa hiyo siku unaponunuliwa, mtungi mzima unatakiwa usome ngapi? Kumi na tatu nukta mbili. Haya kijana, utundike kwenye ndoano ya mizani, acha utulie, usiushike. Soma kwa sauti.

Kumi na mbili nukta nane.

Jamani. Gramu 400 hazipo. Ukiununua kwa 24,000, kila kilo ni 4,000, na kilichokosekana ni shilingi 1,600. Kwa nyumba inayobadilisha mtungi kila mwezi, hizo ni 19,200 kwa mwaka zilizolipiwa bila kupikiwa.

Lakini kabla hatujamwita mtu mwizi, tuichunguze mizani kwanza. Lita moja ya maji ni kilo moja. Asubuhi tuliitundikia ndoo tupu, tukaandika uzito wake, tukaijaza lita 10 za maji, ikaongezeka kilo 10 barabara. Mizani ni nzima. Kinachofuata ni koki, kwa sababu gesi inaweza kuwa imevuja njiani. Chukua povu la sabuni, lipake kwenye koki na shingoni. Likitoa mapovu yanayokua, panavuja, mtungi urudi leo na usiwashwe moto karibu. Hapa hakuna mapovu. Basi gesi haikujazwa vya kutosha, au ilipunguzwa kabla ya kufika dukani. Huyu mama ana risiti na lakiri ilikuwa haijakatwa, lakini muuzaji anaweza kusema mtungi umeshatoka mikononi mwake. Ndiyo maana kupima kunafanyika dukani, kabla ya kutoa hela. Kanuni za EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, zinamtaka muuzaji wa gesi awe na mizani. Huhitaji kugomba. Sema tu, "Naomba tuupime." Akikwambia mizani imeharibika, duka la pili liko mbele hatua thelathini.

Kuna anayelalamika kwamba kwake mtungi ulipimwa ukatimia, na bado unaisha wiki ya tatu. Huyo aangalie moto. Moto wa gesi unatakiwa uwe wa buluu. Ukiwa wa manjano na sufuria inaingia masizi, gesi haiungui yote. Vua kichwa cha jiko, kisugue, zibua vitundu kwa sindano, kikauke kabisa ndipo ukirudishe. Moto ukipanda ubavuni mwa sufuria, unapasha hewa ya jikoni, punguza. Sufuria ifunikwe. Na ukitaka kujua gesi imebaki kiasi gani bila mizani, mwagia maji ya moto kidogo ubavuni, subiri kidogo, kisha pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini. Panapoanza ubaridi ndipo gesi ilipofika.

Sokoni ni vilevile. Mizani itazameni kabla hakijawekwa kitu: mshale uko kwenye sifuri? Stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu ipo? Kisado kina kitako kilichobonyezwa kwenda ndani? Kipindue ukione, hakuna aibu. Fungu la nyanya nalo nimechoka kulisema: nne nzuri juu, mbili za maji chini.

Wazee wangu, naona mnaanza kusinzia, na sasa tunafika kwenye jambo zito kuliko yote: mahindi. Unga ndio unaokula hela ya nyumba nyingi hapa, na ndipo kikundi kinapokuwa na nguvu ambayo mtu mmoja hana.

Mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, Rukwa, Songwe, Mbeya, Njombe, na jirani zao Ruvuma, huvuna kati ya mwezi wa tano na wa nane. Mavuno yakijaa sokoni bei inalala. Ikifika Desemba mpaka Februari, akiba za watu zimepungua, bei inasimama. Anayenunua unga kilo mbili kwa kilo mbili mwaka mzima anazilipa bei zote, ya chini na ya juu. Anayenunua gunia wakati wa mavuno anaichagua ya chini.

Ni hapo kinapoanza kisa kinachojirudia kila mwaka, kikundi baada ya kikundi. Watu kumi wanachangishana mwezi wa sita. Wanamtuma mwenzao mmoja, mchangamfu, anayejua kupatana. Anafika, anakuta magunia ya bei mbili. Ya kwanza ni ghali kidogo. Ya pili ni nafuu kwa elfu nane, tena yamejazwa lumbesa, yaani kupita mdomo wa gunia, yameshonewa kilemba juu. Anapiga simu kwa furaha: "Nimepata ya kushiba!" Magunia kumi ya nafuu yanapanda lori. Mwezi wa tisa, wanafungua: harufu ya uvundo, punje zimeshikana, nyingine zina ukungu wa kijani na njano. Magunia manne yanatupwa, na watu wawili hawasalimiani mpaka leo.

Wapi walikosea? Yule mchangamfu aliuliza bei. Hakuuliza kiasi gani cha mahindi na kiasi gani cha maji.

Hesabu yake ni hii. Mahindi yaliyokauka vizuri kwa kuhifadhi yana unyevu usiozidi asilimia 13.5. Ukinunua kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18, ukazianika mpaka 13, zinabaki kilo 94 na robo hivi. Karibu kilo sita ulizolipia zilikuwa maji. Na hiyo ndiyo hasara ndogo. Usipoanika, unyevu ule unalisha kuvu, na kuvu wengine hutoa sumukuvu, ambayo haionekani, haina ladha, na haiishi kwa kupika ugali. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa sababu hiyo. Kwa hiyo mahindi yenye ukungu hayachambuliwi ili "mazuri" yasagwe, na kuku hawapewi pia.

Sasa jinsi ya kupima unyevu ukiwa huna kifaa chochote. Beba chupa ya kioo, kavu kabisa, yenye kifuniko. Weka kijiko kimoja au viwili vya chumvi kavu. Kama chumvi yako imeshika unyevu, ikaange kidogo nyumbani kabla ya safari na uifunge vizuri. Jaza mahindi mpaka theluthi ya chupa. Funga, tikisa dakika mbili au tatu, iache itulie robo saa. Kisha tazama kioo. Chumvi ikiganda kwenye kuta za ndani, mahindi yamezidi asilimia 15, achana nayo. Ikianguka yote chini, yako chini ya 15, unaweza kuyanunua, ila ukifika nyumbani uyaanike tena siku mbili tatu juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo. Chota punje kutoka katikati na chini ya gunia, kwa sababu juu ndipo panapowekwa mazuri. Lile gunia la lumbesa linunuliwe kwa kilo: lipandishwe mizani, mlipe kilo zilizosomeka. Lumbesa inamkandamiza mkulima kijijini, na huku mjini haimsaidii mlaji, kwa sababu hakuna anayejua kilemba kina kilo ngapi.

Kuhifadhi: mifuko ya PICS, ile ya tabaka tatu, mbili za plastiki ndani na moja ya nje kama kiroba. Jaza, kamua hewa yote itoke, funga kila tabaka peke yake kwa kamba, moja baada ya nyingine. Wadudu waliomo wanakosa hewa wanakufa bila dawa yoyote. Panya akitoboa, au mtu akifungua kila baada ya siku tatu kuchota bakuli, kazi imeharibika. Kwa hiyo toa mahindi ya mwezi mzima kwa mara moja, ufunge. Na mfuko huu haukaushi mahindi. Ukitia mabichi, utayakuta yamevunda.

Kusaga nako kuna hesabu. Ukikoboa kupata sembe, robo nzima ya gunia inaweza kuondoka kama pumba, tena unalipia kukoboa na kusaga. Dona inabakiza karibu yote. Kasoro ya dona ni kwamba kiini cha mahindi kina mafuta, unga wake unachacha mapema kuliko sembe. Basi saga wa wiki mbili tatu tu, usisage gunia zima. Na unaposaga, simama pale mashineni. Kilo zilizoingia uzijue, na zinazotoka uzijue. Debe langu la mahindi!

Kiasi gani?

Hapo mmeamka.

Umeme nitapita haraka. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Taa ya zamani ya wati 60, ikiwaka saa tano kila usiku, inakula uniti 9 kwa mwezi; ya LED ya wati 9 inakula uniti 1 na theluthi. Friji, jaribu noti ya elfu moja: ifungie mlangoni nusu ndani nusu nje, kisha ivute. Ikitoka bila kukaza, mpira umechoka na baridi inatoka usiku kucha. Badilisha mpira kabla ya kuilaumu luku. Kuna jambo moja tu nataka wenye nyumba za kupangisha wanisikilize. Kwa bei zilizotangazwa mwaka 2016, kabla ya kodi na tozo, mteja wa kundi la D1, la nyumba zenye matumizi madogo, hulipa shilingi 100 kwa uniti kwa uniti 75 za mwezi. Wa T1, la matumizi ya kawaida, hulipa 292. Uniti 75 kwa huyu ni 7,500, kwa yule ni 21,900. Nyumba ya vyumba vinne vyenye mita moja haiwezi kubaki ndani ya 75. Mpangaji mmoja mwenye friji na pasi anawapandisha wote bei, halafu mnagombana nani kawasha redio. Pigeni hesabu ya kutenganisha mita kabla ya kupigana.

Maharage, nusu dakika. Yaloweke usiku kucha, maji yale uyamwage. Maharage yaliyokaa mwaka mahali penye joto na unyevu huwa magumu, hayaivi hata uyachemshe nusu siku, kwa hiyo punguzo la mia mbili kwa kilo utalilipa kwenye mkaa. Magadi yanayalainisha, kweli, ila yanaharibu baadhi ya vitamini.

Sasa tumalizie kwenye daftari. Simsemi Mangi vibaya. Mwenye mgonjwa usiku wa manane anamgongea nani? Lakini tazameni: sukari kwa taslimu 3,000, kwenye daftari 3,200. Hiyo mia mbili ni ndogo. Ghali ni kwamba anayedaiwa hawezi kuhama duka. Hata jirani akishusha bei, wewe umefungwa kamba mguuni. Na daftari liko kwa Mangi, mtoto ametumwa, kaandika "vitu 4,700". Vitu gani? Kiasi gani? Kuweni na daftari la pili nyumbani, liandikwe siku hiyohiyo: sukari nusu, 1,600, chumvi, 500. Mwisho wa mwezi madaftari mawili yakae mezani.

Mbaya ni deni lile jingine, linalokuja na pikipiki. Mnakijua kisa cha Abunuwasi na sufuria. Aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kasufuria kadogo ndani. "Sufuria yako imezaa." Jirani akachekelea, akapokea. Mara ya pili Abunuwasi akaomba kubwa kuliko ile, jirani akatoa mbio. Siku zikapita. "Sufuria yako, pole sana, imekufa." Jirani akafoka, sufuria hufaje? Naye akaambiwa: uliyekubali kwamba inazaa, ukubali pia kwamba inakufa.

Kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa, wanakuja hivyohivyo, na kasufuria mkononi. "Mama, dakika tano tu, laki moja, huna haja ya mdhamini." Unasaini laki. Wanakata 10,000 ya fomu, unashika 90,000. Unarejesha 4,500 kila siku, siku 30. Inasikika ndogo, bei ya chipsi. Zidisheni. 135,000. Umeshika 90,000, umelipa 45,000 juu yake, nusu nzima kwa mwezi mmoja. Tena hukukaa na ile 90,000 mwezi mzima, ulianza kuirudisha kesho yake. Laki hiyohiyo kutoka kikoba hiki, kwa asilimia 10, ni 110,000 na faida inarudi kwenu siku ya kuvunja kikundi. Wakija, waulizeni swali lenu. Sitawaambia ni lipi.

Kiasi gani?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mizani hii ni ya kikundi kuanzia leo, itakaa kwa mama mweka hazina, na kila Jumamosi ijaribiwe kwa ndoo ya maji kabla ya mtu yeyote kuitumia. Wenye mitungi ambayo haijafunguliwa, pangeni mstari huku kulia, risiti mkononi. Wenye chupa na chumvi, mahindi ya majaribio yako kwenye beseni lile la buluu. Moja ya sampuli ni mbichi, tuone nani ataigundua. Na yule mama aliyenunua mafuta ya mia tano asubuhi hii akaja nayo kwenye kifuko, tafadhali apite mbele. Tumeleta chupa ya mtoto yenye mistari.